Kitu Kimoja kwa Mtu Mmoja

Ukitaka kumjua mtu, kaazime kitu kwake. Majirani wa Bwana Stoo walikuwa wamemjua siku nyingi. Ukigonga mlango wake kuomba nyundo, kwanza atakwambia hakuna. Utasimama pale ukijikuna kichwa, naye atakutazama, kisha atauliza nyundo ya kupigilia nini, ukutani au kwenye mbao. Ukimjibu vizuri ataingia ndani na kutoka na nyundo mkono mmoja, daftari la shule mkono wa pili, kalamu sikioni. Utasaini ndipo upewe. Marehemu mkewe alikuwa akisema kwamba hata siku ya ndoa yao alitazamia kuambiwa asaini kuwa amempokea bwana harusi akiwa mzima, hana ufa wala kipande kilichomeguka. Binti yao alisainia mkasi akiwa na miaka sita, kwa herufi kubwa zilizopinda, na mkasi ulirudi.

Ugonjwa huo aliutoa kazini. Watunza stoo wote, uwakute hospitali, shuleni au bandarini, jibu lao la kwanza ni hakuna. Balbu hakuna, gundi hakuna, kamba hakuna, na nyuma ya mgongo wake rafu imefurika. Msidhani ni uchoyo. Kitu kikishatoka hakirudi kama kilivyotoka, na siku ya kuulizwa ataulizwa yeye, haulizwi aliyekichukua. Wenzake walimtania kwamba siku malaika wa mauti atakapokuja kudai roho, ataambiwa hakuna, pita Jumatatu.

Stoo yake ilikuwa chini ya jengo la makumbusho ya mji, ngazi kumi na saba kwenda chini, mlango wa chuma, rafu za chuma, na harufu ya dawa ya kuzuia nondo wanaokula nguo iliyomfuata mpaka kitandani. Kila kitu kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino kwenye kiraka kidogo cha rangi nyeupe, upande usioonekana, na kadi ndogo iliyofungwa kwa uzi. Vinyago, vyungu, ngao, vitabu vya ngozi, vito vya shaba, milango mizima iliyochongwa. Na palikuwa na kitabu. Kitabu cha kutoka kilikuwa kikubwa kuliko sinia, chenye jalada gumu, na safu zake zilikuwa sita: tarehe, namba, kitu, sababu, mtoaji, mpokeaji. Ndani ya jalada ilibandikwa karatasi ya kanuni iliyosema kwamba kitu kitatoka kwa sababu nne tu, yaani mkopo, matengenezo, maonyesho au zawadi. Ya tano haikuwepo. Waliotunga kanuni zile hawakuwahi kufikiria vita.

Juu, kwenye kumbi, mfalme alikuwa mfagizi. Wote walimwita Shangazi, toka mkurugenzi hadi watoto wa shule waliokuja kutembea, isipokuwa Bwana Stoo aliyemwita dada kwa sababu waliajiriwa wiki moja na walikunywa chai ya saa nne kwenye benchi moja kwa miaka ishirini. Kila mmoja alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike wote wawili, wamepishana miezi minne. Wasichana hao walikulia uani kwa makumbusho, wakasoma darasa moja, wakapasua magoti kwenye ngazi zilezile, na wakaingia chuo cha uuguzi siku moja, na masanduku yao yamefungwa kwa kamba ya Bwana Stoo. Kamba waliisainia.

Kisha wavamizi wakaingia mjini.

Siku tatu kabla, mkurugenzi alikuwa amekimbia na gari la ofisi. Sitamsema sana, kila mtu na roho yake. Waliobaki ni Bwana Stoo na Shangazi. Wao wawili ndio waliobeba vya juu kuvipeleka chini, usiku na mchana, mpaka makabati ya vioo yakabaki matupu. Cha mwisho kuteremshwa kilikuwa Bibi wa Bakuli, sanamu ya mti mweusi ya mwanamke aliyepiga magoti, ameshika bakuli kwa mikono miwili, kimo chake kama mtoto wa miaka mitatu. Hakuna aliyejua nani alimchonga. Ukingo wa bakuli ulikuwa umelika kwa vidole vya watu waliokufa zamani, na picha yake ilikuwa kwenye vitabu vya nchi ambazo Bwana Stoo hangeweza hata kuzitamka. Walipomaliza, walisukuma kabati kubwa la faili wakaziba mlango wa ngazi. Shangazi alisukuma kwa bega mpaka kanga ikachanika.

Wiki ya kwanza akaja Meja. Mtu mwembamba, miwani, sauti ya chini, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lote lile. Mkononi ana kitabu chenye picha ya Bibi. Akasimama mbele ya kabati tupu la kioo, akauliza kwa kupitia mkalimani, huyu yuko wapi?

"Hakuna," akasema Bwana Stoo. "Vyote vilihamishwa kabla ya vita."

"Akionekana, mimi ndiye wa kuambiwa," akasema Meja, akaandika jina lake kwenye kikaratasi na kumwachia. Hakupiga mtu wala hakuvunja kitu. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

Jumatano ya wiki ya tano wasichana wale wawili walikamatwa njiani, vikapu vyao vimejaa bandeji na chupa za dawa ya vidonda. Walikuwa wanapelekea majeruhi waliofichwa kwenye karakana ya reli. Waliwekwa chumba kimoja cha mahabusu kambini, pamoja na watu wengine kumi waliozolewa barabarani wiki ileile. Jumla watu kumi na wawili. Mji mzima ulijua maana yake. Chumba kile kilikuwa kimeshajazwa na kumwagwa mara mbili.

Alhamisi Bwana Stoo na Shangazi walisimama nje ya lango la kambi toka asubuhi mpaka askari wakawafukuza kwa vitako vya bunduki. Shangazi alilia mpaka sauti ikamkauka. Bwana Stoo hakulia. Alikuwa anafikiri, na kikaratasi cha Meja kilikuwa mfukoni mwake.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi simhukumu kwa la Ijumaa. Ijumaa alikwenda makumbusho peke yake, akasogeza kabati kiasi cha mtu kupenya, akashuka. Akamviringisha Bibi kwa shuka la kitandani kwake, akamfunga kamba mara mbili kama kanuni ya usafirishaji inavyotaka, akampakia kwenye mkokoteni wa maua wa makumbusho. Lakini kabla hajatoka alifungua kitabu. Hata siku hiyo. Akaandika tarehe, akaandika namba, akafika kwenye safu ya sababu na kalamu ikasimama. Mkopo haukuwa, maana alijua anachokwenda kuchukua badala yake. Akatazama zile sababu nne, akaandika ile pekee iliyobaki ikisema kwamba kitu hakitarudi. Zawadi. Akasaini kwenye safu ya mtoaji, akakiweka kitabu chini ya Bibi.

Saa nne asubuhi alikuwa ofisini kwa Meja. Meja alifungua shuka kwa vidole viwili, akapiga magoti sakafuni na suruali yake iliyonyooshwa, akamtazama Bibi uso kwa uso.  Kisha akamwuliza mtunza stoo anataka nini.

"Binti yangu yumo humu ndani," akasema Bwana Stoo.

Meja akasaini kitabu alipoelekezwa, hata hakuuliza ni kitabu gani. Watu hawa wanapenda saini kama sisi. Akamtuma askari, na wakati wanasubiri akawasha sigara na kusema maneno ambayo mkalimani aliyatoa moja moja, kama mtu anayehesabu mayai.

"Meja anasema, wamebaki kumi na mmoja mle ndani. Yeye binafsi hana haja nao, na amri yao haijafika. Anauliza, una vitu vingine vya namna hii? Kitu kimoja, mtu mmoja."

Na Bwana Stoo akasema, "Hakuna kingine."

Lilimtoka kabla hajafikiri. Ninataka mniamini hapo, kwa sababu yeye mwenyewe alijiapia hivyo maisha yake yote: mdomo ulijibu peke yake, jibu la miaka ishirini, balbu hakuna, gundi hakuna. Lakini Meja hakuondoka. Meja alikaa pale akivuta sigara mpaka ikaisha, akimtazama, na mle ndani ya dakika zile mtu angeweza kufungua mdomo tena. Bwana Stoo alifikiri, nikisema vipo, atajua nilimdanganya, atamzuia na huyu wangu. Alifikiri vilevile, vitu vile si vyangu. Ukweli ni kwamba alifikiri yote mawili, na mpaka leo hajui lipi lilitangulia. Kisha mlango ukafunguliwa, binti yake akaletwa, uso umevimba, mguu mmoja hauna kiatu, naye akamkumbatia na kumpakia kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma.

Jumamosi alikaa ndani. Jumapili asubuhi milio ya risasi ilisikika kutoka nyuma ya maghala ya nafaka, mfululizo, halafu mmojammoja.

Shangazi alikuja Jumatatu. Alikuja kutoa pongezi, mnasikia? Mwanamke aliyefiwa jana alikuja kumshika mkono mwenzake kwa sababu wa mwenzake amepona. Akakaa kitandani kwa yule msichana, akamwomba amsimulie kila kitu: wangu alikula nini, alilala upande gani, alisema nini ulipoitwa. Msichana akasimulia. Aliposema kwamba mwenzake alimvua kiatu na soksi ya mguu wenye kidonda akabaki navyo, ili amfulie soksi wakitoka, Shangazi alicheka kidogo, kisha akaanguka kifudifudi juu ya godoro.

"Lakini kwa nini waliniita mimi tu?" msichana akauliza. "Baba, kwa nini mimi?"

"Ulikuwa na homa," akasema baba yake kutoka mlangoni. "Wanaogopa maradhi wale. Waliona utawaambukiza wote."

Na ikawa hivyo. Maneno yakisemwa siku ya msiba hayaulizwi risiti.

Wiki mbili baadaye askari mmoja aliona mikwaruzo ya kabati sakafuni. Walipolisukuma na kushuka ngazi kumi na saba, Meja alisimama katikati ya rafu zile akageuka pande zote nne. Vitu mia nne na kumi na moja. Akamtazama Bwana Stoo, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Hakuna kingine," akasema kwa lugha ya pale, na lafudhi yake mbaya, na alikuwa ameyashika vizuri maneno hayo mawili.

Malori yalipakia siku nne. Na hapa ndipo mtu yule alipofanya jambo lililokuja kumpa jina. Alisimama kwenye mlango wa chuma na kitabu chake, na kwa kila kitu kilichopita aliandika mstari, na kwenye safu ya sababu akaandika mkopo. Kinyago, mkopo. Chungu, mkopo. Mlango mzima uliobebwa na wanaume sita, mkopo. Mwisho wa kila ukurasa alimpelekea Meja, na Meja ambaye hakujua kusoma hata neno moja la lugha ya pale akasaini chini, huku akimpigapiga begani kwa kumwona bwege. Kurasa kumi na nane. Usiku wa siku ya nne Bwana Stoo alikipandisha kitabu darini kwake, akakifunika gunia. Kama alikuwa na fahari siku ile, ilikuwa ndogo na chungu. Alikuwa anajaribu kufanya kitu, chochote, kwa ajili ya vitu alivyovilinda kwa gharama ile.

Vita viliisha. Wavamizi waliondoka na mali yote. Miaka ikapita na kuzaa miaka. Binti alimaliza uuguzi, akaolewa, akazaa, akampa mwanawe wa kwanza jina la rafiki yake, na Shangazi ndiye aliyemwogesha mtoto huyo siku arobaini za mwanzo. Kila Ijumaa muuguzi alipita kwa Shangazi kumpima presha na kumpelekea vitu vya jikoni. Bwana Stoo alistaafu. Mkewe akafariki. Macho yakaanza kuzibwa na ukungu, akawa anasaini kwa kupapasa.

Mwaka wa thelathini na moja, nchi ile iliyovamia ilikubali kurudisha ilichochukua bila haki. Maneno hayo matatu ya mwisho yalileta kazi. Kila kitu kilihojiwa: mna ushahidi gani? Huenda mliuza. Huenda mlitupa. Hapo ndipo Bwana Stoo alipomtuma mjukuu darini, na gunia likashushwa.

Lo! Nchi nzima ililipuka kwa furaha. Saini ya Meja kwenye kurasa kumi na nane, mkopo, mkopo, mkopo. Mkopo haubishiwi, mkopo unarudi. Gazeti lilichapa picha yake ameshika kitabu kifuani. Redio ilimwita mzee aliyewafunga wavamizi kwa kalamu. Watu aliowanyima nyundo miaka nenda rudi walianza kumwita babu wa taifa. Vitu mia nne na kumi na moja vilipita mbele ya baraza la usuluhishi bila kupingwa.

Kilichobaki ni kimoja. Kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza wa zile kumi na nane, na tarehe ya wiki mbili kabla ya nyingine zote, kulikuwa na Bibi wa Bakuli, na neno zawadi.

"Wanasema huyu haondoki," akaeleza wakili wa wizara, kijana mwanamke mwenye haraka, aliyekuja nyumbani na mafaili. Muuguzi alikuwa anamimina chai. "Wanasema kitabu chenu wenyewe kinasema zawadi. Mzee, ilikuwaje hapo?"

Bwana Stoo alizungusha kikombe. "Siku nyingi, mwanangu."

"Walikushikia bunduki? Walikwambia uandike?"

"Walikuwa na bunduki," akasema, na hilo halikuwa uongo.

"Basi. Useme hivyo tu barazani. Walinishikia bunduki, wakaniambia andika zawadi. Maneno matano, tunaondoka na Bibi."

Muuguzi akaweka birika chini. "Baba, hukuwahi kuniambia walikushikia bunduki."

"Utamwambia mtoto kila kitu?" akasema.

Usidhani alilala vizuri. Alijua kwamba asiposema, Bibi atabaki ugenini milele kwa neno aliloliandika yeye. Akisema kweli, wapo watu wawili duniani ambao hangeweza kuwatazama tena usoni, hata kwa macho yale mabovu: binti yake, na yule mwanamke ambaye bado walikunywa chai pamoja, sasa kwenye kibaraza cha nyumba yake, saa nne kamili. Uongo, kwa hesabu zake, haukumuumiza mtu. Akaamua kuusema.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa mji. Majaji watatu kutoka nchi nyingine, wakalimani, mafeni ya darini yanayozunguka polepole. Wizara ilileta wastaafu wote wa makumbusho kwa basi, na Shangazi alikaa mstari wa mbele, fimbo mapajani, amevaa gauni la sherehe. Muuguzi alikaa ubavuni mwa baba yake na kumnong'oneza nani yuko wapi, kwani mzee aliona vivuli tu. "Shangazi yuko mbele yako hapa," akamwambia. "Anakupungia mkono."

Bwana Stoo alikula kiapo. Akasema maneno yake matano, akaongeza na mengine. Akaonyesha hata sikio ambapo bunduki iligusa. Ukumbi uliguna kwa huruma.

Wakili wa upande wa pili alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alisimama na daftari dogo jeusi. Akaeleza kwamba Meja alifariki miaka sita iliyopita, na wajukuu wake, walipokuwa wakisafisha nyumba, walikuta shajara zake na kuzikabidhi kwa serikali. Angesoma kurasa mbili. Mkalimani akatafsiri, sentensi kwa sentensi.

Njia ya mwongo fupi, na ya huyu iliishia kwenye mistari kumi. Ijumaa, saa nne asubuhi. Mtunza stoo ameleta sanamu mwenyewe, kwa mkokoteni, hakulazimishwa. Ametaka binti yake, nimempa. Nimemwambia wamebaki kumi na mmoja, nikamwuliza kama ana vitu vingine, kitu kimoja kwa mtu mmoja. Amesema hana. Halafu ukurasa wa pili: Jumapili, amri imefika, imetekelezwa. Halafu wiki mbili baadaye: tumesukuma kabati. Vitu mia nne na kumi na moja. Nimecheka mpaka machozi.

"Ni kweli, mzee?" akauliza yule wakili, kwa heshima.

Bwana Stoo alisikia mafeni. Upande wa kushoto, ambako binti yake alikuwa akimnong'oneza toka asubuhi, hakukuwa na sauti.

"Ni kweli," akasema.

"Kwa hiyo ulikuja kwa hiari yako. Mlipatana. Na ulipoombwa zaidi, ulikataa."

Hapo wakili wa wizara aliruka kutoka kitini hata mafaili yakamwagika. Sauti yake ilipasua ukumbi. Hiari gani hiyo, aliuliza, hiari ya baba ambaye mwanawe yuko chumba cha kuchinjiwa? Adui mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba aliuza roho za watu kwa vinyago! Hii si zawadi, hii ni fidia ya mateka, na fidia ya mateka haimpi mtu haki ya mali popote duniani. Alikuwa anang'aa. Shajara ile ilikuwa imempa kesi nzuri kuliko uongo wowote.

Majaji walitoka dakika kumi. Waliporudi walisema Bibi wa Bakuli atarudi nyumbani pamoja na vingine vyote. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi na vigelegele, watu wakakumbatiana, wapiga picha wakakimbia mbele, na mtu mmoja akamshika Bwana Stoo mkono akautikisa, wa pili akautikisa, wa tatu. Watu walikuwa wamesikia kuhusu Bibi. Nadhani walikuwa hawajasikia kingine.

Walimkalisha kwenye benchi la nje, kwenye ukumbi mrefu wa kupitia, asubiri gari. Binti yake alisimama karibu na dirisha.  Kisha ikasikika fimbo sakafuni, ikija polepole, na Shangazi akajishusha kwenye benchi, kwa kuguna kidogo kama alivyozoea kila siku ya saa nne.

"Kaka."

"Dada."

"Mle chini vilikuwa vingapi?"

"Mia nne na kumi na moja."

"Kulikuwa na sanduku la vigae," akasema Shangazi. "Vile vyungu vilivyopasuka, tuliviviringisha kwa magazeti, mimi na wewe. Nilikwambia vya nini hivi, tuviache, ukakataa."

"Vilikuwemo."

"Yule bwana angechukua kigae?"

Bwana Stoo alifikiria kudanganya, lakini uongo ulikuwa umemwishia. "Angechukua. Alikuwa anachukua chochote."

Shangazi akatingisha kichwa, mara nyingi, taratibu. "Ungekuja kuniambia. Ijumaa ileile. Ningesukuma kabati peke yangu. Ningembebea vyote mgongoni, kimoja kimoja, mpaka watu kumi na mmoja waishe."

"Havikuwa vyangu, dada," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kubembeleza, na aliichukia. "Ndiyo kazi niliyopewa. Vilikuwa vya watu wote. Mimi nilikuwa mlinzi tu, sikuwa na haki ya kuvitoa."

"Na Bibi alikuwa wako?"

Alisubiri jibu. Alimpa muda wa kutosha, na sauti yake haikuwa ya hasira. Aliuliza kwa kutaka kujua. Ndani, watu walikuwa bado wanapiga makofi.  Bwana Stoo alinyoosha mkono kwenye benchi kuutafuta mkono wa Shangazi na kukuta mbao.

Dereva wa wizara alikuja mbio, uso wote meno. "Gari tayari, babu wa taifa! Waandishi wanatusubiri nyumbani. Mama muuguzi, tukae wote nyuma?"

Muuguzi aliondoka pale karibu na dirisha. Akamwinamia Shangazi, akamshika chini ya kwapa kwa namna wauguzi wanavyojua, akamwinua, akaokota fimbo na kumpa. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Mpeleke mzee," akamwambia dereva. "Mimi nakwenda na Shangazi."